Alama ya Gumba

Mimi si mtu wa kupunga upepo. Mtu anayetaka upepo si afungue dirisha kwake? Lakini mdogo wangu alipanga safari, Mama akakubali, na Mama akishakubali jambo la mdogo wangu sisi wengine tunabaki kufunga mabegi. Siku nne katika nyumba ya ufukweni, watu wanne: Mama, mdogo wangu, mkewe ambaye ni wifi yangu, na mimi. Mume wangu alibaki nyumbani. Alisema ana kazi. Sikumlaumu, ningekuwa yeye ningesema nina kazi mbili.

Mdogo wangu tunamwita Sukari. Jina alipewa na Mama akiwa mtoto, likamkaa, maana huyo bwana hajawahi kusema neno likamkwama mtu kooni. Mimi Mama ananiita Fundi. Watu wakisikia wanadhani ni sifa. Zamani alikuwa ananiita mwanangu, kama mama yeyote. Ilikoma miaka tisa iliyopita.

Na ni kweli mimi ni fundi, fundi wa vioo. Baba alikuwa fundi wa vioo akatufundisha sote wawili, mimi kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa, Sukari baadaye. Kisa chenyewe nakisema mapema ili tusizungushane. Miaka tisa iliyopita tuliweka kioo cha mbele cha duka moja la nguo, kirefu kuliko mtu. Siku ya tatu upepo ulivuma, kioo kikachomoka kwenye fremu, Baba akiwa chini yake. Kilimkata mkono wa kulia. Mishipa ya kiganja ilikatika, na hakushika tena almasi ya kukatia vioo mpaka alipofariki miaka minne baadaye. Tuliambiwa alikwenda pale kufuata ngazi yake aliyoisahau.

Hospitalini Sukari alilia mpaka wauguzi wakamletea kiti. Halafu akasema, "Fito za kushikilia kile kioo alipigilia Dada." Na alikuwa ameshazoa vipande vyote na mbao zote akavitupa, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuangalia. Mimi nilisema si mimi. Nilisema hospitalini, nikasema msibani, nikasema kila tulipokutana. Mama hunisikiliza mpaka mwisho, halafu huniuliza, "Umemaliza, Fundi?" Basi, hapo mazungumzo yameisha.

Nilichokuwa nakitaka ni kitu kimoja tu. Nilitaka Mama ajue, kabla hajafumba macho, kwamba mkono uliopigilia zile fito haukuwa wangu. Ana miaka sabini na minane. Ndiyo maana nilikubali kuja kukaa siku nne na watu wasionitaka.

Nyumba ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Sebule kubwa, jiko nyuma, vyumba vitatu, na ukuta wa mbele wa sebule karibu wote ni kioo kimoja kinachotazama bahari. Sukari alisimama mbele yake siku tuliyofika, mikono kiunoni. "Hiki nimekiweka mimi mwaka jana," akasema. "Mwenye nyumba alifurahi, akaniambia njoo na mama yako wakati wowote."

"Mwanangu huyo," Mama akasema.

Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwezi uliokuwa unakuja alikuwa anakwenda kupasuliwa. Anaona mwanga, anaona kinachotembea kwenye mwanga, na ili aone hata hivyo lazima awe karibu. Kwa hiyo Sukari alimwekea kiti cha mikono hatua moja kutoka kwenye kioo, akampa na mto wa mgongoni. Siku mbili nzima Mama alikaa hapo kuanzia chai ya asubuhi, akimuuliza wifi yangu, "Lile jeusi ni nini? Lile linalokwenda?" Wifi akimjibu kwa upole wake ule wa kuudhi. Mimi sikuulizwa.

Siku ya tatu redio ikatangaza dhoruba. Itapita mbele ya pwani kuanzia mchana mpaka jioni, watu wakae ndani. Mtunza nyumba alikuja mbio kufunga madirisha ya nyuma, akafunga na stoo. "Kaeni ndani, msitoke," akatuambia. "Mimi nakwenda kwangu, bati langu halijatulia." Akaondoka na funguo zake mfukoni.

"Mama, una bahati," Sukari akasema. "Watu wanatoka mbali kuja kuona bahari ikichafuka, wewe imekufuata mlangoni."

Saa nane mchana mbingu ilikuwa imeshuka karibu na paa. Maji yalibadilika rangi, yakawa ya kahawia, halafu meupe, mvua ikaja kwa ubavu. Umeme ulikatika. Wifi alikuwa amekaa chini karibu na miguu ya Mama akimsimulia, Sukari amejinyoosha kwenye kochi la ukutani, ng'ambo ya chumba, anakula karanga. Mimi nilikuwa nimesimama tu. Mtu wa vioo hakai upepo ukivuma, hata akiwa kwa watu.

Ndipo nikaona maji. Mstari mwembamba unashuka kutoka chini ya kioo, kwa ndani, mahali ambapo hapapaswi kupita hata pumzi. Nikachukua kitambaa nikapiga magoti kufuta, na nilipopiga magoti nikaona fito.

Ufito ni kijiti cha mbao kinachoshikilia kioo kwenye fremu, mmoja kila upande. Pale zilikuwa zimepigwa kwa ndani, upande wetu, kwa hiyo upepo wa baharini ulikuwa unakisukuma kioo dhidi ya vile vijiti, hakina kingine cha kukizuia. Baba alitaka misumari mitano kwa kila ufito wa kioo kikubwa. Msumari unazamishwa, tundu linazibwa kwa puti, ukipaka rangi kinabaki kijidoa. Ukiona vidoa vitano, misumari mitano. Mteja anahesabu vidoa akaridhika. Fundi haridhiki mpaka abonyeze. Kwenye kiwanda cha Baba, kazi ikiisha, aliye mkubwa wa kazi siku hiyo hupita na kidole gumba, katikati ya kila ufito, anabonyeza kwa nguvu. Ufito ukiwa haukucheza, anamalizia kwa kubonyeza gumba lake kwenye puti mbichi ya kona ya chini, mkono wa kulia. Alama inakaukia hapo. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yetu, wala hatukuwa na nyingine.

Pale kwenye kona hapakuwa na alama. Sukari kazi yake anafanya peke yake siku hizi, nani wa kumbonyezea? Nikahesabu vidoa: vitano, vizuri, vimenyooka. Nikaweka gumba katikati nikabonyeza. Ufito ukaingia, nilipoachia ukarudi.

Nilibaki pale nimepiga magoti. Vidoa vitatu vya katikati vilikuwa puti tupu. Misumari ilikuwa miwili, huku mwisho na kule mwisho. Na mimi nikajua, kama ninavyojua jina langu, kwamba kile kioo cha dukani kilikuwa hivi hivi.

"Sukari," nikamwita. "Hapa umepiga misumari mingapi?"

"Mitano, Dada. Huoni?"

"Naona vidoa vitano."

"Basi si ndiyo hiyo mitano." Akatupa karanga mdomoni.

Nikasimama. "Mama, tuondoke hapo. Kioo hiki hakijashikwa."

Mama hakugeuza hata shingo. "Nani kasema?"

"Nasema mimi."

"Ahaa. Fundi kasema."

"Mama, nimebonyeza, ufito unacheza. Upepo ukiongezeka kitakuangukia."

"Mimi nimekuja kuona bahari," Mama akasema. Alikuwa anasema taratibu, kama anayemweleza mtoto wa jirani. "Mwezi ujao wananipasua. Mtu akipasuliwa jicho huenda akaamka anaona, huenda akaamka haoni. Leo naona. Na wewe ndiye wa mwisho katika dunia hii wa kuniambia mimi habari za kioo."

Hilo liliniingia, nisijifanye shujaa. Wifi akanitazama, akamtazama mumewe. "Kwani kuna hatari?" akauliza.

"Hatari gani?" Sukari akacheka. "Dada anatafuta lake. Siku tatu amekaa kimya, nilijua tu."

Waswahili wamesema akipenda chongo huita kengeza. Mama angeambiwa na Sukari kwamba lile dirisha limeshikwa kwa mate, angesema mate ya mwanangu ni mazito. Nilikwenda jikoni kutafuta nyundo, nikapata mchi na kisu cha mkate. Stoo ilikuwa imefungwa. Hata ningepata nyundo na misumari, kupigilia ufito wakati kioo kimesukumwa na upepo ni kukivunja kwa mkono wako mwenyewe, na Mama amekaa mbele yake. Nikarudi mikono mitupu.

Upepo ulikuwa umepanda. Mawimbi yalikuwa yanavunjikia kwenye ukuta wa bustani, povu linaruka mpaka kwenye majani. Kioo kikaanza kuhema. Sisi mafundi tunasema hivyo: kinaingia ndani kidogo, kinarudi, kinaingia. Wifi alikuwa ameshasogea nyuma bila kusema kitu. Mama ndiyo kwanza alikuwa anainama mbele, pua karibu kugusa.

"Naliona lile," akasema. "Jeupe lile, kubwa. Linakuja. Nimeliona mwenyewe, sikuambiwa."

Sijamwona amefurahi hivyo tangu Baba afariki, na nilikuwa nataka kumbeba na kiti chake nimtupe uani. Kumbeba nisingeweza, ni mzito na angenipiga fimbo. Hasira ilinipanda. Baba alikuwa akiniambia hasira hasara, na mimi nilikuwa nikimjibu kwamba ubwege nao ni hasara. Lakini siku ile hasira hiyo hiyo ndiyo iliyonipa akili.

"Sukari," nikasema. "Njoo ukae hapa kwenye kiti cha Mama. Mama akae hapo kwako. Dakika kumi tu."

"Kwa nini?"

"Kioo si umekiweka wewe? Njoo ukae mbele yake."

"Dada, acha utoto. Hata hapa naona vizuri."

"Mama yako yuko hapa. Kama yeye anakaa, na wewe utakaa."

Mama akagonga fimbo sakafuni. "Hebu njoo, Sukari. Njoo ukae, tukate mzizi wa fitina. Mimi nitasimama hapo nyuma yako niangalie bahari yangu, huyu anyamaze."

Sukari akainuka. Akaweka bakuli la karanga mezani, akajipangusa mikono, akapiga hatua moja, ya pili. Katikati ya chumba kuna meza ya kulia. Alipofika kwenye meza akaishika kwa mkono. Upepo ukapiga kwa mara moja, kioo kikaingia ndani mpaka sura zetu zilizokuwa zinaonekana humo zikapinda. Sukari akarudi hatua moja nyuma.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza nikafunge dirisha la jikoni."

Halafu wifi akasema, kwa sauti ndogo, "La jikoni limefungwa. Nimelifunga mimi mwenyewe asubuhi."

"Basi nikaangalie la chumbani."

Wala hakwenda chumbani. Alisimama pale pale ameshika meza. Mama haoni sura ya mtu kwa mbali, lakini masikio yake ni mazima. Alingoja. Alingoja kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka mimi, akigeuzia sikio upande wa meza, asisikie nyayo zikija.

"Nipeni mkono," akasema.

Nikampa wangu, akaupapasa, akaujua, akauacha. Wifi ndiye aliyemwinua. Walifika ukutani, akaketi kwenye kochi alilotoka Sukari, fimbo kati ya magoti. Hakuuliza bahari inafanyaje.

Hapo nikapata nafasi ya kufanya kazi. Tukasogeza kiti cha Mama nyuma, mimi na Sukari, tukatoa godoro chumbani, tukaliegemeza kwenye kioo, tukasukuma meza ya kulia dhidi ya godoro, na sisi tukaegemea meza. Dakika hazikupita tano, ukasikika mlio mmoja mkavu. Ufito wa chini uliruka, ukapita chini ya meza, ukaanguka kwenye kile kiti cha mikono, juu ya mto. Kioo kikasogea ndani kiasi cha upana wa kidole. Kikaegemea godoro.

"Sukuma," nikasema.

"Nasukuma."

Tulikaa hivyo karibu saa nzima, bega kwa bega. Tangu mambo ya hospitali sikuwa nimekaa naye karibu hivyo. Anatumia mafuta yale yale ya nywele aliyokuwa akitumia Baba. Sikujua. Miguu yetu ilikuwa kwenye maji, maana sasa mvua ilikuwa inaingia kwa raha zake, na wifi anapita na ndoo na kitambaa bila kumtazama mumewe. Nikamwambia Sukari, "Misumari miwili." Akasema, "Sukuma, Dada."

Kisha ikapita. Dhoruba inavyoondoka si kama inavyokuja, haina fujo. Upepo ulishusha pumzi, mvua ikawa manyunyu, upande mmoja wa mbingu ukapasuka na mwanga ukaingia juu ya maji yaliyokuwa bado yanatapatapa. Tukaachia meza kidogo kidogo. Kioo hakikuanguka. Fito za pande tatu zilikuwa zimepinda lakini zimekishika.

Sukari akajifuta uso kwa shati. Rangi ikamrudia, na maneno yakamrudia. "Si mnaona?" akasema. "Makelele yote yale. Kimeshika."

"Kimeshika," Mama akasema kutoka kwenye kochi. "Lakini wewe hukukaa."

Mama akanyoosha mkono.

"Nileteeni huo ufito."

Nikamletea. Mama aliishi na fundi miaka arobaini. Yeye ndiye aliyekuwa akikanda puti ya Baba pale uani, chokaa na mafuta ya kitani, mikono yake ikinuka mpaka kwenye chai. Aliulaza ufito mapajani akaanza kupita na gumba. "Mmoja," akasema, kwenye ncha. Akaendelea. Kwenye kidoa cha pili akasimama, akachokoa kwa ukucha, puti ikatoka, chini yake mbao nzima isiyo na tundu. Akachokoa cha tatu. Akachokoa cha nne. Alipofika ncha ya pili akasema, "Wa pili." Akauweka kando.

"Kule dukani," akamuuliza Sukari, "ulifanya hivi?"

"Mama, siku ile tulikuwa na haraka."

"Sikuulizi haraka. Nauliza ulifanya hivi?"

Sukari akamtazama mkewe. Wifi alikuwa anakamua kitambaa kwenye ndoo, anakikamua na hakina maji tena.

"Ndiyo," Sukari akasema. "Nilifanya hivyo."

Nilifurahi. Siwezi kudanganya, nilifurahi. Njia ya mwongo ni fupi, nikasema moyoni, hata kama hii imechukua miaka tisa. Na sikuishia moyoni. Nilimimina yote. Nilimwambia Mama, umesikia sasa? Umesikia kwa masikio yako? Nilimwambia nilivyolala macho, nilivyokaa nyuma kabisa kwenye msiba wa baba yangu mzazi kana kwamba mimi ndiye niliyemuua, na yeye mwenyewe alivyokunywa maji kwa kila mtu akakataa kikombe changu. Nilimwambia huyu Sukari wako amekulisha uongo na wewe ukaramba vidole. Wifi alinishika mkono nikauvuta. Nilisema mpaka sauti ikakauka.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Umemaliza?" akauliza. Neno Fundi hakuliweka.

"Nimemaliza."

"Na wewe, ulibonyeza?"

Nasema kweli, hilo swali sikuwahi kuulizwa na mtu. Miaka tisa kila mtu alikuwa anauliza nani alipigilia. Na mtu asipoulizwa kitu, kinalala; ukikiacha kilale sana unasahau kwamba kipo ndani ya nyumba.

Siku ile pale dukani mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa kazi. Nilikuwa juu ya ngazi, nimeshikilia kioo, miaka kumi na minne nafanya ile kazi, na mwenye duka akamuuliza Baba, msimamizi hapa ni nani? Baba akamshika Sukari bega. Akasema, "Ni kijana wangu huyu." Nilishuka kwenye ngazi. Sukari alikuwa bado anapigilia fito za chini. Nilichukua mkoba wangu nikaenda zangu nyumbani, puti ikiwa mbichi, na sikurudi. Nilisema moyoni, kama msimamizi ni yeye, na abonyeze yeye.

"Sikubonyeza, Mama," nikasema.

"Najua."

Wifi akaweka kitambaa chini.

"Unajua nini?"

"Baba yako hakwenda kufuata ngazi," Mama akasema. "Ngazi ilikuwa kwangu uani, nilikuwa nimeanikia mashuka. Alipita dukani asubuhi ile akatazama ile kona yenu, hakuona gumba lako. Akaja nyumbani, nikampa chai. Akaniambia, mwanao amekasirika, hakubonyeza. Nikamwambia basi mwite aje afanye kazi yake. Akasema hapana, ana haki ya kukasirika, mimi ndiye niliyemkosea mbele ya watu, na sijui hata kwa nini nilisema vile. Akamaliza chai. Akasema, nakwenda kumbonyezea."

Nje mtu alikuwa anaita mbwa. Nilisikia kila kitu siku ile, sauti ya yule mbwa, matone kwenye paa.

"Upepo ulikuwa umeanza," Mama akasema. "Akaweka gumba, kioo kikamjia. Halafu akanikataza nisikwambie. Alisema akijua ataacha kazi, na huyu ndiye fundi niliyempata. Mpaka anakata roho alikuwa akisema, usimwambie. Nikanyamaza, kama alivyotaka. Habari ya misumari sikuijua, hiyo nimeijua leo, na huyu tutaongea naye." Sukari akainamisha kichwa. "Lakini la gumba nililijua, na nikasema nitamngoja aniambie mwenyewe. Nimekungoja. Kila ukija kwangu unaniletea misumari ya mdogo wako."

Nilitaka kusema pole. Nilitaka kusema sikujua kwamba alikwenda kwa ajili yangu. Nilikaa chini kwenye sakafu yenye maji.

Mama hakunigusa. Alimtuma Sukari akamtafute mtunza nyumba, alete nyundo na misumari kabla giza halijaingia. Sukari akaenda, akarudi suruali imelowa mpaka magotini. Akapigilia bila kufungua mdomo, mitano kila ufito, mimi nikihesabu kwa sauti ya nyundo. Mama alikuwa amerudi kwenye kiti chake, ameutoa ule mto uliolowa, anatazama mwanga uliobaki juu ya bahari. Sukari alipomaliza akajitenga pembeni. Hakuna aliyenituma.

Nikainuka nikapita na gumba. Ufito wa juu, wa kushoto, wa kulia, wa chini. Hakuna uliocheza. Nikafika kona ya chini, mkono wa kulia, nikabonyeza kwa nguvu mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Puti imekauka tangu mwaka jana, Mama," nikamwambia. "Haishiki alama."

"Bonyeza," akasema.